Barua ya wazi kwa mnaotoa taarifa kwa niaba ya Serikali: pimeni kwanza, kisha mtuonyeshe

Kwa Msemaji wa Serikali. Kwa wakurugenzi wa idara na mashirika yanayopima mvua, maji, chakula na majengo. Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Na kwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi pamoja na maafisa wake wa afya na mipango ya jiji.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mathare. Kazi yangu mnaijua kwa sababu ninyi ndio mlionikabidhi: kupita ploti kwa ploti na begi na simu ya kazi, kupima presha ya wazee, kukagua kadi za kliniki za watoto, kuwauliza akina mama wajawazito kama wameanza kliniki, na kuwahimiza watu watibu maji kabla ya kuyanywa. Septemba 2023 Rais alituzindua rasmi, wahudumu laki moja nchi nzima. Tangu hapo kila tangazo lenu, liwe la chanjo, la kipindupindu au la kuhama kando ya mto, hupitia mdomoni mwangu kabla ya kumfikia shosho wa ghorofa ya nne asiye na televisheni.

Ninaandika kwa sababu siku hizi tangazo linafika lakini halipokelewi. Watu hawagombani nami. Wananikaribisha, wananipa kiti, wananisikiliza hadi mwisho, halafu wananiuliza: "Na wewe, daktari wetu, umeambiwa na nani?" Nikitaja wizara, wanatabasamu. Nikitaja polisi, hata hawatabasamu.

Nimewasikia wakubwa wakisema redioni kwamba shida ni uvumi wa mitandaoni na ujinga wa watu wa mitaa ya mabanda. Kuhusu uvumi nitasema mbele. Lakini huo ujinga mimi siuoni. Watu ninaowatembelea wana kumbukumbu, na kumbukumbu zao zina tarehe.

Tuanze na mvua. Kabla ya vuli ya 2023, Idara ya Hali ya Hewa ilitabiri mvua kubwa kupita kawaida kwa sababu ya El Niño. ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, nacho kilisema vivyo hivyo. Kaunti zikaanza kujipanga. Kisha Oktoba Rais akawaambia wananchi kwamba wataalamu wamesema ile El Niño ya kuleta uharibifu haipo tena, kutakuwa na mvua nyingi tu. Vyombo vya habari vikaibeba kauli hiyo siku nzima. Huku kwetu waliokuwa wameanza kutafuta nyumba mbali na mto wakaacha, maana nani anataka kulipa diposi ya pili kwa hatari ambayo mkuu wa nchi amesema haipo? Novemba ikaja. Barabara zikakatika Kaskazini Mashariki, Tana River ikafurika, Pwani ikafurika, na mwaka ulipokwisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa.

Naomba mlitazame jambo hili kwa makini, maana mengi nitakayosema yanatokana nalo. Idara yenu ilikuwa sahihi. Watu wanaolipwa mshahara na serikali hiyohiyo walikuwa wamepima joto la bahari, wamelinganisha na miaka ya nyuma, wameandika walichokiona na kukitangaza mapema. Kilichovunja nguvu ya utabiri wao ni sauti iliyo juu yao, iliyozungumza bila kipimo chochote mkononi. Mtaani hakuna aliyetofautisha. Mvua ilipoua, watu hawakusema "wataalamu walituonya." Walisema "serikali ilituambia hakuna El Niño." Lawama ikawaangukia hata waliosema kweli.

Kwa hiyo ilipofika masika ya 2024 na onyo likatolewa tena, nilizunguka nikiwaambia watu wasilale kando ya mto, na jibu nililopata lilikuwa moja: "Si hata ile nyingine walisema hivi, halafu wakasema hapana." Usiku wa kuamkia Aprili 24 Mto Mathare uliingia ndani ya nyumba watu wakiwa usingizini. Wengine walipanda juu ya mabati wakikumbatia watoto. Msimu ule nchi nzima ilizika zaidi ya watu 200.

Siku chache baadaye, alfajiri ya Aprili 29, maji yakasomba watu Mai Mahiu. Habari ya kwanza tuliyopewa ni kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikasema si bwawa. Ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyoziba, maji yakajaa nyuma ya tuta hadi likaachia. Kwa mtu anayeishi chini ya bwawa jingine, au chini ya tuta jingine la reli, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atahama usiku huo au atabaki. Habari ya kwanza ilifika kila mahali. Ya pili, mimi mwenyewe nimelazimika kuwaeleza watu hadi leo, na wengine wanadhani nawatetea wenye bwawa.

Miezi mitatu kabla ya hapo, usiku wa Februari 1, gesi ililipuka Mradi, Embakasi. Kabla hakujakucha vizuri, taarifa ya serikali ilikuwa imeshataja kampuni kwa jina kwamba ndiyo iliyokuwa ikijaza mitungi. Kampuni ikakana. Taarifa ikageuzwa: ni lori la gesi. Siku zilizofuata EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, ikaeleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha pale mara tatu mwaka 2023, kwa sababu mojawapo kwamba watu wanaishi karibu mno. NEMA, mamlaka ya mazingira, nayo ikakubali kwamba leseni yake ilitolewa isivyofaa na ikawasimamisha kazi maafisa wake. Shirika moja la serikali lilijua mahali pale ni hatari, jingine likaparuhusu. Barua za kukataa zilikaa kwenye faili, na mpangaji aliyekuwa akilala ukuta kwa ukuta na mitungi ile alizijua baada ya moto.

Sasa njooni Huruma, jirani zetu. Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshaamuliwa kubomolewa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Rais wa wakati huo alikuwa ameagiza majengo yote nchini yakaguliwe, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ikatangaza kwamba asilimia 58 ya majengo ya Nairobi hayafai kuishiwa na watu. Asilimia 58! Tuliisikia hiyo takwimu kwenye taarifa ya habari, tukatazamana. Zaidi ya nusu. Lakini ni ipi kati ya ploti hizi? Ile ya mbele au hii ninayolala mimi? Orodha yenyewe, jengo kwa jengo, mtaa kwa mtaa, haikubandikwa kwa chifu wala kwa mzee wa mtaa ninayemjua.

Kuna ploti moja ninayoitembelea ambayo juu ya mlango wa duka la chini ina alama ya X ya rangi nyekundu. Imepakwa juu yake rangi ya kijani, lakini jua likiwa kali unaiona ikijitokeza, mkono mmoja wa X ukipita hadi kwenye bango la M-Pesa. Niliwauliza wapangaji ni nani aliyeiandika. Mmoja akasema ni watu wa kaunti. Mwingine akasema ni watu wa barabara, kwamba X ni ya kupanua njia. Wa tatu akasema landilodi alishamalizana nao. Hakuna tarehe chini ya ile alama, hakuna jina la ofisi, hakuna namba ya kupiga. Watoto wa ghorofa tano hupita chini yake kila asubuhi wakienda shule. Je, jengo lile ni salama? Mimi sijui, na wapangaji hawajui. Mmoja wenu anajua, au alijua siku ile aliposhika brashi ya rangi. Ikiwa ukuta una nyufa zinazotisha, iandikwe hivyo. Ikiwa ukaguzi wa pili ulionyesha jengo liko sawa, iandikwe pia, na ile X ifutwe na mkono uleule wa serikali, si kwa rangi ya landilodi.

Haya ni ya nchi na ya jiji. Nitawapa moja la kwangu mwenyewe, na ofisi inayohusika sitaitaja hapa kwa sababu mkuu wake atajitambua.

Kwenye ploti moja katika eneo langu watoto walianza kuhara kwa kufuatana. Nikaripoti kama nilivyofundishwa. Maafisa wakaja, vijana wawili wenye makoti meupe na kisanduku cha barafu. Walifanya kazi yao vizuri, na hilo nalisema bila kinyongo: walichoma mdomo wa mfereji kwa moto, wakaacha maji yatiririke kidogo, wakakinga kwenye chupa mbili, wakaandika kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko. Akina mama walisimama na mitungi yao wakitazama. Mmoja akauliza, "Tutajua lini?" Wakajibu kwamba majibu yatakuja. Tangu hapo nimeenda ofisini, nimetumwa ghorofa ya juu, nimerudishwa ya chini, nimeambiwa majibu ni ya ndani, nimeambiwa aliyekuwa akishughulikia amehamishwa. Nikaandika ombi rasmi kwa kufuata Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 kama jambo lenyewe linagusa uhai wa mtu. Muda wa sheria ulipita. Jibu halijaja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule mama aliyeuliza "tutajua lini" hatibu maji tena hata nikimpa dawa bure. Anasema: kama yangekuwa mabaya wangetuambia. Jirani yake anasema kinyume: hawajasema kwa sababu ni mabaya. Wote wawili wanajaza pengo mlilowaachia. Ndivyo uvumi unavyozaliwa katika mtaa wetu, kati ya chupa ya sampuli na majibu yasiyokuja.

Na uvumi unaua pia. Siwezi kuwaandikia nikanyamaza kuhusu hilo, kwa sababu mimi ndiye ninayepambana nao. Julai 2025 tulifanya kampeni ya chanjo ya surua na rubela, pamoja na ya homa ya matumbo kwa watoto wa hadi miaka 14. Homa ya matumbo huku si ugonjwa wa kusimuliwa. Ni ugonjwa wa maji yetu na vyoo vyetu. Kampeni ile ilikuwa zawadi. Lakini mlango baada ya mlango niliulizwa: "Si hii ni kama ile ya kufunga kizazi?"

Wanakumbuka 2014. Mwaka huo maaskofu Wakatoliki walisema chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ina homoni inayoweza kuzuia mimba. Wizara ya Afya ikakana. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakasema chanjo ni salama. Pande zote mbili zikazungumzia sampuli na maabara. Mwaka uliofuata maaskofu wakawataka waumini wao wasusie kampeni ya polio. Fikirieni mwanamke wa Mathare aliyebatizwa na padri mmoja na kuzalishwa na muuguzi mmoja, wote wawili watu aliowaamini maisha yake yote, na leo mmoja anasema "ni sumu" na mwingine anasema "ni dawa." Kilichomfikia yeye kutoka pande zote ni matamko. Hakuna aliyekaa naye chini ya ukumbi wa kanisa, padri na daktari pamoja, wakamwonyesha chupa ya sampuli ilitoka wapi, nani aliipeleka maabara, ilikuwa imefungwa au imefunguliwa, na kipimo kilichotumika kilitengenezwa kupima nini.

Mimi nasema chanjo zile ni salama, na wanangu wamechanjwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeona wodi za watoto zilivyobadilika na nimejifunza jinsi pepopunda inavyoingia kwa kitovu cha mtoto mchanga. Lakini siwezi kumwita mjinga mama anayesita. Anasita kwa sababu amezoea kuambiwa bila kuonyeshwa, na mara kadhaa alichoambiwa kiligeuka. Mtu aliyeambiwa "hakuna El Niño" ana haki ya kuuliza mara mbili akiambiwa "hakuna madhara."

Nije kwa jambo zito zaidi, na ninaliandika nikijua uzito wake.

Juni 2024 vijana walipouawa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, Rais alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba waliokufa ni 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikasema ni 39. Watu 20 ni wengi mno kupotea kati ya ofisi mbili za dola moja. Tume ile iliundwa kwa Katiba. Si adui wa nchi. Mtaani watu walichukua hesabu ya tume, na serikali ikashindwa kuwaambia kwa nini hesabu yake ni tofauti.

Kisha Juni 2025, mwalimu kijana alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Jopo la madaktari watano wa upasuaji wa maiti likamchunguza na kusema hapana: majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, alama mwilini, dalili za mtu aliyepigwa. Inspekta Jenerali akalazimika kusimama mbele ya Seneti, kuiondoa kauli ya kwanza na kuomba radhi.

Inspekta Jenerali, naomba uchukue haya kutoka kwa mwanamke asiyekuwa na chuki na sare yako. Nina shemeji aliyeivaa. Kauli ya kwanza ilitolewa kabla daktari hajaushika mwili. Aliyeiandika hakuwa amepima chochote. Alichokuwa nacho ni hamu ya jambo liishe. Siku ile niliwatembelea wamama watatu wenye wana wa umri wa yule mwalimu, na hakuna aliyetaka kuzungumza nami kuhusu presha. Mmoja alisema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema: "Mwanangu akikamatwa leo, nitaambiwa alijigonga wapi?" Niambie nimjibu nini.

Lakini tazama pia upande wa pili wa habari ileile. Madaktari wale walifanya uchunguzi, wakatoka nje ya mochari, wakasema walichokiona kwa lugha iliyoeleweka na kila mtu, mfupa kwa mfupa. Na nchi iliwaamini papo hapo. Hakuna aliyeuliza wanatoka kabila gani au nani amewalipa. Kenya hii mnayosema haiamini kitu chochote iliwaamini madaktari watano kwa dakika chache walizosimama mbele ya kamera, kwa sababu walisema walitazama nini, walikuta nini, na kitu gani hakilingani na kujigonga.

Mfano mwingine ni ule wa uchaguzi. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na mojawapo ya mambo yaliyoisumbua mahakama ni kwamba tume ya uchaguzi haikufungua seva zake kama ilivyoagizwa. Mwaka 2022 tume ikafanya jambo ambalo hapa kwetu watu bado wanalizungumzia: ikaweka kwenye tovuti fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, kila mtu azione. Vijana wa mtaa wetu walikaa na simu usiku kucha wakijumlisha. Wale wa Raila walijumlisha, wale wa Ruto walijumlisha. Vituo vya televisheni vilionyesha hesabu tofauti kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu tofauti, watu wakachanganyikiwa, na kisha makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo siku ya kutangazwa. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu. Sisemi wote waliridhika. Hapa Mathare wengi hawakuridhika na uamuzi hadi leo. Lakini nilimwona kijana aliyekuwa tayari kuchoma matairi akitafuta kwanza fomu ya kituo alichopigia kura, Shule ya Msingi, darasa la tatu, akaikuta ikiwa na saini ya wakala wa chama chake, akanyamaza. Alikasirika, ila aliamini karatasi ile. Hakuna hotuba ya amani ingeweza kumfanyia hivyo.

Ndiyo maana naona mnakosea njia mnapokusanya pesa za kampeni za kupambana na habari potofu, mkatuma mabango, mkapiga mhuri mwekundu juu ya kila barua msiyoipenda inayozunguka mitandaoni. Mtaani mhuri huo hausaidii tena. Watu wamejifunza kusubiri. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Waliona mpango wa uwanja wa ndege wa JKIA na kampuni ya Adani ukiibuka Julai 2024 kupitia nyaraka zilizovujishwa na raia mmoja, wakasikia maneno mengi ya kuwatuliza, na Novemba wakamsikia Rais akiufuta bungeni. Aliyevujisha ndiye aliyeaminika. Serikali inayotaka kuaminiwa haiwezi kuwaachia wavujishaji kazi ya kuonyesha karatasi.

Mimi ninapompima shosho presha, siandiki "iko sawa." Naandika namba mbili, tarehe, na jina langu, kwenye daftari lake analokaa nalo yeye. Akienda kwa daktari mwingine kesho, anaweza kuikagua kazi yangu. Nikiwa nimekosea, itaonekana. Ninyi mlinifundisha hivyo, kwenye mafunzo ya siku kadhaa pale ukumbini, mkasisitiza kwamba kipimo kisichoandikwa hakijafanyika. Nawaomba mfanye kazi yenu jinsi mlivyonifundisha kufanya yangu.

Kila sampuli ya maji, ya unga, ya maziwa inayochukuliwa katika mtaa, majibu yake yarudi mtaani huohuo, yakiwa na tarehe, mahali, kiwango kilichokutwa na kiwango kinachoruhusiwa. Mwaka 2004 sumukuvu (aflatoxin) iliua watu 125 Ukambani, kwenye mahindi waliyoyavuna wenyewe. Mwaka 2019 shirika la viwango likasimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyohiyo, na zilipoachiliwa kurudi dukani sisi wa mtaani tuliona tu pakiti zimerudi, zikiwa na alama ileile ya ubora. Mlipima nini safari ya pili? Mkitufundisha kutuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kuhakiki alama ile, basi ujumbe unaorudi utuambie pia pakiti hiyo mara ya mwisho ilipimwa lini.

Mwacheni mtabiri wa mvua atangaze mvua. Mwanasiasa akitaka kusema kuhusu mvua, asome karatasi ya mtabiri neno kwa neno na ashuke jukwaani.

Mkikosea, na mtakosea kwa sababu dharura haingoji, sahihisho litoke kwa mdomo uleule, saa ileile ya habari, kwa urefu uleule wa kauli ya kwanza. Na kabla hamjapima, semeni bado hatujapima. Nawahakikishia watu wa Mathare wanaweza kulibeba neno hilo. Wanaishi na kutojua kila siku: kama maji yatakuja, kama kibarua kitapatikana. Wasichoweza kukibeba ni kuambiwa jambo kwa uhakika asubuhi na kuambiwa kinyume chake jioni, na mtu yuleyule, bila hata kupepesa jicho.

Kifungu cha 35 cha Katiba kimenipa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, kimenipa haki ya habari isiyo ya kweli inayoniathiri kurekebishwa, na kimeiagiza Serikali ichapishe habari yoyote muhimu inayogusa taifa. Haijasemwa mpaka niombe. Uchaguzi wa 2027 unakuja, na kabla yake kuna misimu mingine ya mvua, na kabla ya mvua kuna mfereji ule ambao akina mama wataamkia kesho saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo ombi langu kuhusu majibu ya chupa zile mbili nimeliandika upya leo, na nakala nimeipeleka kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kama sheria inavyoniruhusu. Sitaki majibu yatumwe kwangu peke yangu kwa barua pepe. Yaandikwe kwa Kiswahili, yapigwe mhuri, yawe na jina la aliyepima, yabandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu kwa nje. Na kama sampuli ile ilipotea au haikupimwa, yaandikwe hivyohivyo, halafu tumeni tena wale vijana wawili wenye makoti meupe. Nitawapokea mwenyewe na kuwaonyesha mfereji.

Wenu,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Mathare, Nairobi